Upande Usioonyeshwa

Marahaba. Naitika kabla sijasikia, maana naamini mmenisalimu. Mnasoma maneno haya kwenye simu, wengine mkiwa mnatembea, na simu haina namna ya kunifikishia shikamoo zenu hadi hapa Kiruruma ninapokaa. Kwa hiyo nimeamua kuitika mapema ili tuendelee. Baadaye mtaelewa kwa nini jambo la kuitikiana ni zito kwangu.

Mimi ni Festo, bwana mifugo mstaafu. Wafugaji wa Nyakakika waliniita Daktari, ingawa udaktari sikusomea. Nilikuwa mtu wa chanjo, dawa ya minyoo na kumvuta ndama aliyekaa vibaya tumboni. Nimezunguka Karagwe yote na baadaye Kyerwa, kwanza kwa miguu, halafu kwa baiskeli, mwisho kwa pikipiki ya serikali ambayo siku nyingi niliisukuma kuliko ilivyonibeba. Ninyi mnaoanza kazi hii leo mliniomba kwenye grupu letu niwaandikie niliyojifunza. Mambo ya sindano na kamba mtayakuta huko huko kazini. Mimi nataka kuwasimulia jinsi nilivyojifunza kutumia mtandao nikiwa na kichwa cheupe, na jinsi ujuzi huo ulivyokaribia kuninyima mke wangu.

Msianze kunong'ona. Hakuna mtu aliyemtongoza mtandaoni.

Kabla ya simu inabidi nimtaje Bwana Kaiza, aliyenifundisha kazi. Alikuwa mfupi, mwenye kofia ya pama ambayo hakuivua hata akiinama kukamua. Siku zangu za mwanzo alinipeleka kwa mfugaji mmoja kule Nyakakika kwenye mbuga wazi. Mfugaji yule alikuwa ametuita yeye mwenyewe. Tulimkuta amesimama kando ya ng'ombe wake wa pembe ndefu, anampapasa shingo. Nikamtazama ng'ombe macho, nikamshika shina la sikio, nikamvuta ulimi, nikasema huyu mbona mzima. Nikasifia na pembe. Kaiza alizunguka upande wa pili akaniita kwa kidole. Upande ule paja lilikuwa limeoza jipu, na chuchu mbili zilikuwa zimekufa kabisa.

Mfugaji akatazama chini. Hakuwa na nia ya kutudanganya, maana ni yeye aliyetembea kutwa nzima kuja kutuita. Aliona haya tu. Tukiwa njiani Kaiza akaniambia, "Mwenye ng'ombe atakuonyesha upande mzuri hata kama amekuita umtibu. Hawezi kujizuia. Kazi yako wewe ni kuzunguka nyuma."

Nikamsimulia mke wangu, Mama Kemi, na huo ndio ukawa mwisho wa amani yangu. Alilipenda neno lile mno. Tukienda kununua godoro, anazunguka nyuma. Mgeni akija na maneno matamu, akishaondoka Mama Kemi anasema, "Huyu sijamzunguka bado." Nami nikirudi jioni na kusema leo nimekula vizuri kwa watu, anaupindua mfuko wangu wa kazi na kuikuta ndizi ya kuchoma aliyonifungia asubuhi ikiwa imebaki nusu, ndipo anajua kwamba siku nzima nimekula hiyo nusu nyingine. Nimeishi na mkaguzi ambaye hakuajiriwa na mtu.

Sasa tuje kwenye kishikwambi. Kilinikuta nimebakiza kidogo nistaafu. Tuliitwa wilayani, tukagawiwa kila mtu chake, na binti mmoja mkufunzi, mpole kweli, akaanza kutufundisha. Tatizo langu la kwanza halikuwa kichwa, lilikuwa vidole. Mikono iliyoshika kamba na dawa ya josho miaka yote ile imekauka kabisa, na kioo kile hakikunitambua. Nikigusa, kimya. Nikibonyeza kwa nguvu, kimya. Mkufunzi akigusa kwa ncha ya kidole, kinafunguka. Niliudhika mno. Nilijiona nimekataliwa na kitu ambacho hata damu hakina.

Dawa niliipata mwenyewe. Nilijipaka kidogo yale mafuta ya kukamulia, yale ya kulainisha chuchu, nikafuta, nikajaribu, kikakubali. Tangu siku hiyo kishikwambi changu kilinuka zizi, na wenzangu wakawa hawakiazimi. Nawaambia hili kwa sababu mtakutana na wafugaji wazee watakaowaambia simu hizi zimewakataa. Msiwacheke. Waambieni walainishe vidole kwanza.

Tatizo langu la pili lilinikuta Nyakakika. Mfumo ule ulitaka idadi ya ng'ombe wa kila boma. Nanyi wenyeji mnajua kwamba mfugaji wa kweli hahesabu ng'ombe wake kwa sauti, wala hapendi ahesabiwe. Anawajua kwa rangi, kwa mama zao na kwa tabia. Zamani nilikuwa napiga soga naye getini huku macho yangu yakifanya kazi, naandika nikishafika mbali. Siku hiyo, kwa kiherehere cha kifaa kipya, nikasimama mbele ya zizi la Ta Kamugisha. Ta tunasema huku kwa heshima ya baba mtu mzima. Kila ng'ombe akitoka nagusa kioo, na kioo kinalia, ti. Ng'ombe mwingine, ti. Ta Kamugisha akanitazama, akatazama kile kitu, akapiga mluzi. Ng'ombe wote wakageuza na kurudi ndani.

"Daktari," akaniambia, "tumekula wote, tumezika wote. Leo unakuja kuwalilia ng'ombe wangu mmoja mmoja?"

Ilibidi nikae kwake hadi maziwa ya jioni ndipo anisamehe. Baada ya hapo nikawa nakizima sauti, na nagusa nikiwa nimejificha nyuma ya kichuguu. Mjue basi kwamba kifaa kinauliza swali lake kwa namna moja tu, na nyie ndio wa kulibeba hilo swali hadi kwa mtu kwa adabu.

Halafu kuna siku ya kikao cha mtandaoni. Mafunzo ya mwisho hatukuitwa wilayani. Tuliambiwa kila mtu afungue kishikwambi alipo. Nikafungua, nikaona wenzangu wote kwenye vidirisha, wa Kanoni, wa Nkwenda, wa Murongo, wengine sijawaona miaka. Nilifurahi kupita kiasi. Nami nimelelewa kwamba huingii mahali pa watu ukaketi bila kumsalimu kila mmoja. Nikaanza. Nikamsalimu mkubwa wa wote, "Shikamoo afisa." Kimya. Nikangoja. Nikamsalimu wa Nkwenda, nikamuuliza habari za mama yake aliyekuwa mgonjwa. Kimya. Wa Murongo, kimya. Nilikuwa naona midomo yao imefumba, wengine wananitazama, wengine wanainama. Nikapita uso kwa uso hadi mwisho na hakuna aliyeitika. Moyo ukaniporomoka. Nikajiuliza nimewakosea nini watu hawa hata wamekubaliana kuninyamazia.

Ndipo yule binti akasema, "Mzee Festo, wamezima vipaza sauti. Wanakusikia wote, ila wewe huwasikii." Wakacheka, nikaona wanacheka bila sauti. Nilicheka na mimi. Ila nyie vijana, sikuwahi kuisahau baridi ile ya kuwasalimu watu wengi kiasi kile na kukosa hata marahaba moja. Nilidhani ni ya siku ile tu.

Nikastaafu, nikarudisha kishikwambi, nikarudi kwenye kibanja chetu hapa, migomba na kahawa chini yake, na ng'ombe mmoja niliyemuita Bihogo kwa rangi yake ya kahawia iliyokolea. Mimi na Mama Kemi tulikuwa tumepanga uzee wetu vizuri. Asubuhi yeye kwenye migomba, mimi kwa Bihogo. Jioni tunakaa mbele ya nyumba na kisahani cha kahawa ya kutafuna, na Ta Petro, jirani yetu, anakuja na fimbo yake kukosoa serikali.

Kisha binti yetu Kemi akajifungua huko Dar. Kemi ana kazi inayomtoa nyumbani asubuhi na kumrudisha giza likiingia, na mtoto mchanga hawezi kuachiwa mtu asiyejulikana. Akamwomba mama yake aende miezi michache. Nilimsindikiza mwenyewe hadi stendi ya Omurushaka, nikampakia mkungu wa ndizi na mfuko wa kahawa ya kutafuna. Akaniambia, "Baba Kemi, usiache kupika." Nikamwambia mimi si mtoto.

Miezi michache ikapita na mingine ikafuata. Nilikuwa mpweke. Naliandika neno hilo wazi kwa sababu wazee wa huku hatulitamki. Ukituuliza tunasema tuko salama, tunadunda tu. Nilikuwa mpweke hadi nikawa namsimulia Bihogo habari za redio.

Kemi akaniletea simu kubwa kwa basi. Nikapaka mafuta yangu, nikaanza kujifunza upya, safari hii bila mkufunzi. Nilikuwa nabonyeza kitu, naandika kwenye kumbukumbu ya kichwa kilichotokea, nabonyeza kingine. Niliwahi kujipiga picha nyingi za paji la uso bila kujua, na niliwahi kumpigia padri badala ya fundi wa bomba la kunyunyizia dawa, nikamwambia valvu yake inavuja. Lakini sikuacha. Nilikuwa na sababu.

Siku ya kwanza ya kuonana na mke wangu kwa video nilijiandaa kana kwamba mgeni anakuja. Nilifagia mbele ya nyumba, nikatandika nyasi mpya sebuleni, nikavaa shati la kanisani. Kwetu mgeni hakanyagi bila kupewa kahawa ya kutafuna, kwa hiyo nikaweka kisahani kwenye kigoda. Mtandao hapa kwetu unashika sehemu moja tu, mbele ya nyumba kwenye mti wa kahawa wa kwanza, nikakaa hapo. Simu ikaita, nikaona uso wake. Sikujua niseme nini. Nikachukua kisahani nikakisogeza kwenye kioo, nikamwambia, "Karibu."

Alicheka hadi akafuta macho na kanga. "Baba Kemi," akasema, "wewe tafuna, mimi nitasikia."

Nikatafuna, akasikiliza. Ilikuwa siku njema kuliko zote za mwaka ule.

Basi nikawa fundi. Kila jioni tunaonana. Nikajifunza kumwonyesha mkungu ulioiva, Bihogo akilamba chumvi, mvua ikija kutoka upande wa Kyerwa. Wafugaji nao wakaniingiza kwenye grupu lao, wananitumia picha za ng'ombe wagonjwa niwashauri. Mara ya kwanza nilikuta ni vichwa vitupu, kila ng'ombe anatazama kamera, pembe zimenyooka. Nikawaandikia: picha sitaki, nataka video. Anza kichwani, zunguka taratibu, onyesha ubavu, onyesha nyuma, onyesha na kinyesi. Usiongee, maana ukiongea utanieleza unachotaka niamini. Walinitii sana. Nimeangalia kinyesi cha kila aina nikiwa na sahani ya chakula mkononi. Na bado kuna mambo hayapiti humo. Simu haina pua, na pumzi ya ng'ombe asiyekula ina harufu yake. Nikikosa harufu nawaambia, huyu sijui, mwiteni kijana wa kata aje kwa miguu.

Nikamfundisha na Ta Petro. Nilikaa naye alasiri nyingi chini ya mti wa kahawa, tukabishana, akanirushia simu mara moja. Alipoelewa, akaacha kuja. Sikumkosea. Kila asubuhi ananitumia picha ya maua yenye maneno ya kunitakia siku njema, nami namrudishia ua, na fimbo yake siisikii tena kwenye njia. Nyumba yake naiona kutoka kwangu. Tumesalimiana siku hizi kuliko zamani, na sijui kama ameshonesha vile viatu vyake vilivyochanika.

Sasa nifike panaponiuma. Jioni moja nilikuwa naongea na Mama Kemi, na yeye akaiweka simu mezani akaenda kumchukua mtoto. Nikamsikia Kemi amerudi kazini, anaongea na mama yake huko ndani. Akamwambia, "Mama, si ungekaa tu hadi mtoto aanze shule? Baba ameshazoea. Si mnaonana kila siku? Anapendeza hata kuliko ulivyomwacha."

Jibu la Mama Kemi sikulisikia. Aliporudi kwenye simu tukaongelea bei ya vitunguu.

Kemi si mtoto mbaya. Alisema alichokiona. Na aliona nini? Aliona shati la kanisani. Aliona uwanja uliofagiliwa, mti wa kahawa wenye afya, na mzee anayejua kugeuza kamera. Nilikaa pale baada ya simu kukatika, nikaelewa kwamba kila nilichojifunza kwa ajili ya kumkaribia mke wangu kimekuwa sababu ya yeye kubaki mbali. Ningekuwa mzee asiyejua kitu, wangenionea huruma, wangesema baba yupo gizani, mama arudi. Nilijihurumia, halafu nikakasirika, halafu nikaingia ndani nikala mkate wa dukani.

Kwa nini sikusema? Swali zuri. Mume wa huku hamwambii mkewe rudi, nina upweke. Anasema ng'ombe anakusalimu. Nilisema Bihogo anakusalimu hadi Bihogo mwenyewe akachoka.

Aliyeanza ni yeye. Siku moja akanitazama muda mrefu kwenye kioo, akasema, "Umekonda."

"Ni simu hii, inarefusha uso."

"Mbona Ta Petro haimrefushi? Jana amenitumia picha, yuko mviringo vile vile." Akasogeza uso kwenye kioo. "Baba Kemi, mimi ni mke wa bwana mifugo. Zunguka nyuma."

Nikamwambia nyuma ya nyumba mtandao haufiki. Nalo lilikuwa kweli. Akaniambia, "Kwani wafugaji wako unawaambiaje?"

Siku kadhaa nilimkwepa. Nilisema chaji imeisha, nilisema bando limeisha, niliwahi kumwambia mvua inakuja na juu kuna jua kali. Mwisho, asubuhi moja, nikapiga moyo konde. Nikavaa nguo zangu za kawaida, nikashika simu, nikaanza kurekodi kama ninavyowafundisha wafugaji. Nikaanza mbele, kwenye mti wa kahawa. Nikazunguka taratibu. Sikuongea.

Nikapita ubavuni mwa nyumba, nikafika nyuma. Hapo ndipo ilipo nusu kubwa ya kibanja, aliyokuwa akiitunza yeye. Majani makavu ya migomba yalikuwa yananing'inia bila kukatwa, magugu yamefika magotini, migomba miwili imelala chini na mikungu yake imeliwa na panya. Nikaingia jikoni. Mafiga ya baridi, majivu yameganda. Sufuria yake kubwa imefunikwa palepale alipoifunika, na buibui amejenga juu. Kwenye kamba ya jikoni kanga yake aliyoisahau siku ya safari bado ilikuwa inaning'inia. Sikuwahi kuitoa. Upande unaotazama dirisha umepauka, wa pili bado mwekundu. Nikaingia chumbani nikaonyesha mahali kitanda kilipokuwa, kisha sebuleni nilikokihamishia, karibu na mlango, ili simu ikilia pale kwenye mti wa kahawa nisikie. Nikamaliza na bakuli moja, kijiko kimoja, na ganda la mkate.

Nikarudi kwenye mti wa kahawa nikatuma. Ile duara ya kutuma ikazunguka, ikazunguka. Nilikaa kigodani nikiitazama. Nilitamani mtandao ukatike. Haukukatika.

Siku nzima hakujibu. Jioni hakupiga. Nyie hamjui urefu wa jioni ya namna hiyo. Nilihisi nimejivua nguo hadharani, mzee mzima. Ilikuwa ile baridi ya kile kikao cha vidirisha, ila sasa niliyemsalimu alikuwa mmoja tu.

Asubuhi yake ikaingia video. Haikuwa na sauti ya mtu. Inaanza sebuleni kwa Kemi, pale ninapopaona siku zote, kochi na televisheni. Kisha inatembea. Inapita koridoni, inaingia chumba kidogo. Kuna godoro chini, pembeni mwa kitanda cha mtoto. Kuna dirisha, na nje ya dirisha kuna ukuta. Kuna begi lake lile alilosafiri nalo, limesimama ukutani. Mkono wake ukalifungua. Nguo zote zilikuwa ndani, zimekunjwa. Hakuna hata moja aliyoitundika. Muda wote ule alikuwa anatoa nguo asubuhi na kuirudisha jioni. Juu ya nguo ulikuwepo mfuko wa kahawa ya kutafuna niliompakia stendi. Ulikuwa umejaa.

Nililia, na wala sioni haya kuwaandikia.

Nikapiga. Akapokea, na kwa mara ya kwanza hatukuwasha picha, tulisikilizana tu.

"Kahawa hukuitafuna," nikasema.

"Nitafune na nani?" akasema. "Baba Kemi, nilidhani huniiti kwa sababu umezoea."

"Na mimi nilidhani hurudi kwa sababu umezoea."

Kisha nikalisema lile neno, na lilikuwa zito kulitoa kuliko ndama yeyote niliyewahi kumvuta. Nikasema, "Mama Kemi, rudi nyumbani."

Akaitika. Akasema kwa neno letu la heshima, "Ee, waitu. Nimesikia."

Kemi alinipigia baadaye akilia, ananiuliza, "Baba, mbona hukusema?" Nikamwambia hata wewe ungeuliza usingejibiwa, ungelazimika kuzunguka. Amempata mama mmoja wa mtaani kwake, mtu mzima wa kanisa lao, atakayemkalia mtoto mchana. Amenitania kwamba atamzunguka nyuma kwanza.

Haya ndiyo niliyonayo kuwapa. Jifunzeni vifaa vyote, msichague, na wazee wenu wafundisheni bila kuwanyang'anya simu mikononi. Lakini mkiona kwenye kioo ng'ombe mzuri, au baba mwenye shati safi, kumbukeni kwamba kuna mtu ameishika hiyo simu na ameamua isimame wapi. Kisha vaeni mabuti muende. Mimi mwenyewe juzi nilikwenda kwa Ta Petro kwa miguu. Viatu havijashonwa. Leo amekuja na panga lake, anakata majani makavu huko nyuma na kunitukana kwa uvivu wangu, na nafurahi kutukanwa.

Mama Kemi aliondoka Dar jana asubuhi. Simu yake haikai na chaji, tangu walipovuka Dodoma haipatikani. Nimepiga asubuhi hii, yule dada wa mtandao akaniambia tena maneno yake, namba unayopiga haipatikani kwa sasa. Mwaka mzima maneno hayo yalikuwa yakinikata maini. Leo nimeyasikiliza hadi mwisho, nikaiacha simu juu ya kigoda pembeni ya kisahani cha kahawa, nikachukua ufagio nikaenda kufagia nyuma ya nyumba.